Mshenga Aliyenyamaza

Kwenye arobaini ya Athumani, nyumbani kwa binti yake Rehema huko Pickering, watu walinisifu mpaka nikatamani kuondoka. Nilikuwa nimekaa pembeni, sahani ya pilau mapajani, nikimsikiliza kijana mmoja akiwaambia wenzake kwamba Mzee Bakari ndiye mshenga wa Toronto nzima. "Ukitaka mke, mtume huyu mzee," alisema. "Harudi na hapana." Wakacheka, wakanitazama, nikalazimika kucheka nao. Ni kweli nimeposa mabinti wengi hapa mjini, tangu Rexdale mpaka mitaa ya mbali huko, kwa sababu vijana wanakua bila wajomba na mtu lazima aseme kwa niaba yao. Lakini posa yangu ya kwanza kabisa nilitumwa na marehemu mwenyewe, na niliiua kwa kiburi changu. Katika nyumba ile yote hakuna aliyejua. Niliendelea kula pilau kama mtu asiye na neno moyoni.

Rehema akaja akainama sikioni mwangu. Huwa ananijibu kwa Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, lakini siku ile alijikaza. "Baba mkubwa, kuna mama mlangoni. Anasema alifanya kazi na baba zamani." Nikainuka, nikashika ukuta, maana magoti yangu siku hizi hayaaminiki. Mlangoni palikuwa na mwanamke aliyepita umri wa makamo, nywele fupi nyeupe, koti zito, boksi la vitamutamu mkononi. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Bakari Abi." Abi ni kaka kwa Kituruki. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kuniita hivyo. Miaka thelathini na minane ilikuwa imepita.

Mwaka ule mimi na Athumani tulikuwa tunakaa chumba kimoja katika ghorofa moja ya barabara ya Kipling. Mke wangu alikuwa bado Tanga, akisubiri karatasi, na Athumani alikuwa hana mke popote. Tulifanya kazi katika kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki karibu na uwanja wa ndege, zamu ya asubuhi, na tuliporudi tulipika ugali kwa zamu, tukala tukiwa tumekaa juu ya vitanda kwa kuwa viti havikuwepo. Nermin, ndiye huyu wa mlangoni, alikuwa meza ya kufungasha. Alikaa Thorncliffe Park kwa shangazi yake, akabadilisha basi mara mbili kila alfajiri kuja kufunga mabeseni ambayo, alisema, hata mama yake kijijini angeyakataa. Mimi sikumwona Athumani akimtongoza. Nilichoona ni kwamba saa ya chakula alianza kula taratibu. Yeye ambaye alikuwa akimeza kama anakimbizwa, sasa alitafuna kijiko kimoja dakika nzima ili mazungumzo yasiishe. Siku moja ya vuli, tukiwa tunakunja nguo kwenye mashine za kufulia chini ya jengo, akaniambia, "Kaka, nataka ukaniposee." Nikamwambia baba yake yuko Uturuki. Akasema, "Ndiyo huko huko."

Nermin alitangulia kwenda, mwezi Desemba, kuwaandaa wazazi. Baba yake, Mzee Halil, alikuwa na nyumba ya wageni katika kijiji cha pwani ya magharibi, na alituma jibu kwamba tuje wakati wa baridi, kwa kuwa majira ya joto hana nafasi ya kuzungumza na mtu hata akiwa mfalme. Kiwanda chetu kilifunga wiki mbili za Januari kubadilisha mitambo. Ndivyo nilivyopanda ndege kwenda kuposa, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, cheti cha kidato cha nne, na imani kamili kwamba ninazijua taratibu za wastaarabu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu. Nilikuwa nimeyakariri ndani ya ndege mpaka Athumani akaniomba ninyamaze, abiria wa pembeni walidhani nasali kwa hofu.

Nermin alikuwa na picha ya kijiji kile ndani ya kabati lake la kiwandani: bahari ya buluu, miavuli, watoto wamebeba koni za barafu. Tulichokikuta ni kijiji kilichofungwa. Maduka yote ya mbele ya bahari yalikuwa yameshusha mabati. Viti vya plastiki vilirundikwa ufukweni vikafungwa kamba kama wafungwa, na mvua ilikuwa inawapiga paka waliojificha chini yake. Upepo uligonga kibao cha nyumba ya wageni usiku na mchana. Basi la kutoka mjini lilikuja mara mbili kwa siku, likashusha mtu mmoja au mifuko ya mkate, likaondoka. Tulipewa chumba namba saba, ghorofani, chenye vitanda viwili vya chuma, mablanketi mepesi ya wageni wa kiangazi, na feni kubwa darini. Nililala na koti nikiitazama ile feni kama mtu anayenicheka. Toronto kuna baridi ya kuua, lakini ndani ya nyumba unavaa fulana. Kule baridi ilikuwa ndogo na iliingia nawe kitandani.

Joto lilikuwa mahali pamoja tu, jikoni, kwenye jiko la chuma lililokula magogo ya mzeituni. Familia nzima iliishi pale: Mzee Halil, mtu mfupi mwenye masharubu na mikono iliyopasuka, mkewe Sabiha, ambaye siku ya kwanza tu aliiangalia miguu yangu, akaondoka bila neno, akarudi na soksi za sufu alizofuma mwenyewe, na Nermin, ambaye kule kwao alitembea kwa sauti ndogo zaidi kuliko kiwandani. Tulikula pale pale. Asubuhi zeituni, jibini jeupe, mayai, chai ya vigilasi visivyoshika joto. Mchana mboga za porini ambazo Mama Sabiha alizichuma mwenyewe nyuma ya nyumba, zimemwagiwa mafuta ya zeituni mpaka zinang'aa. Usiku dagaa wakubwa wa kukaanga, au supu chachu ya unga na maziwa ya mgando ambayo niliichukia siku mbili, siku ya tatu nikaomba tena. Maganda ya machungwa madogo yaliwekwa juu ya jiko yanukie. Nikiyakumbuka leo naona kwamba tulikuwa tunatunzwa kama watu wa nyumbani. Wakati ule niliona tu kwamba siku zinakwenda na hakuna anayeniuliza.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nataka nilieleze vizuri. Kwetu, mshenga akifika hadondoshi neno kama mtu aliyebeba mzigo wa moto. Anakaribishwa, anakaa, anakunywa maji, kisha mwenye nyumba husema, "Haya wageni wetu, mna neno gani?" Hapo sasa unafungua kinywa. Ukianza mwenyewe kabla hujaulizwa, umejifanya ombaomba, na umemshusha bei uliyetumwa naye. Mjomba wangu alinifundisha hivyo na sijamwona mtu wa maana Tanga akifanya vingine. Kwa hiyo nilikaa nikisubiri kuulizwa. Siku ya tatu jioni walitufungulia sebule kubwa, ambayo muda wote ilikuwa imefungwa na baridi kama kaburi. Waliwasha jiko la pili. Kulikuwa na makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, na Mzee Halil alikuwa amevaa koti la suti. Nermin akaleta kahawa kwenye sinia, vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Tukanywa. Wote wakanyamaza. Mzee Halil akanitazama mimi, Mama Sabiha akanitazama mimi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kahawa ni nzuri sana. Nermin akatafsiri. Mzee Halil akasema afya kwako. Tukanyamaza tena, mpaka jiko likapoa, tukaenda kulala.

Ghorofani Athumani akaniambia, "Kahawa yangu ilikuwa na chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi tupu, kaka. Nimeinywa yote."

"Unaona sasa," nikasema. "Hii ni dharau."

Kesho yake asubuhi alizungumza na Nermin uani, akarudi mbio, uso umemfunguka. Chumvi ni ya bwana harusi, alisema. Kwao binti humtilia mchumba chumvi siku ya posa kuona kama ni mvumilivu, na akiinywa bila kukunja uso amefaulu. Na zaidi ya hapo, akaniambia, kwao mgeni ndiye anayeanza. Kahawa ikishanyweka, mkubwa wa upande wa mwanamume anasema sababu ya kuja, anamwomba binti kwa amri ya Mungu, ndipo baba anajibu. "Nermin anasema wanakusubiri wewe, kaka. Mzee hawezi kukuuliza. Akikuuliza ni kama anamtembeza binti yake sokoni. Nakuomba, anza wewe."

Nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba msichana aliyependa ana haraka, hata mimi nilipokuwa naoa mke wangu alikuwa na haraka. Nikamwambia mwenye nyumba ndiye mwenye kauli nyumbani kwake, duniani kote. Nikamwambia yule mzee anajua vizuri tulichokuja kutafuta, na kama anataka tupige magoti kwa sababu sisi ni Waafrika, hilo hapati kwangu. Sikuwa na ushahidi wowote wa neno hilo la mwisho. Lilikuwa limenijia kinywani kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya wazee wa mgahawa wa chai, waliokuwa wakinitania kila nikipita nimejifunga blanketi begani. Sikujua walikuwa wanasema nini, lakini walicheka na kunisogezea kiti karibu na jiko, na mwalimu mmoja mstaafu mwenye Kiingereza cha vitabuni alinitafsiria: "Wanasema wewe ni Mwafrika wa kwanza kuja hapa kutafuta theluji, na umekosea, ungeenda mlimani." Kisha akaniuliza, kwa upole sana, "Na umekuja kwa heri gani, bwana?" Mtu mwenye akili angeelewa. Kijiji kizima kilikuwa kinanifungulia mlango. Nikamjibu kwamba nimekuja kutembea.

Athumani hakunilazimisha. Kijana hampangii mshenga wake cha kusema, na yeye alikuwa mtu wa adabu kuliko mimi. Alinitania tu. "Kaka, unasubiri wakuletee kadi?" Sebule ilifunguliwa tena siku ya sita. Kahawa, kimya, nikasifu zeituni. Usiku ule aliniomba kwa mara ya pili, safari hii bila mzaha, amekaa kwenye ukingo wa kitanda chake ameshika viatu. "Hata kama ni makosa," alisema, "lifanye kosa hilo kwa ajili yangu." Nikamwambia kesho atanishukuru.

Siku ya tisa Mzee Halil alimleta kaka yake mkubwa, mzee wa fimbo aliyetoka kijiji cha juu kwa basi la asubuhi, amenyoa, kola imebana shingo. Kabla hatujashuka Athumani aliniomba mara ya tatu. Hakusema mengi. Alisema, "Leo, kaka. Tafadhali." Tukashuka. Mama Sabiha alikuwa amefanya keki ya machungwa. Nermin alileta sinia, akanipa kikombe changu, na alipoinama aliniambia kwa sauti ya chini, "Bakari Abi, sema." Nilisikia vizuri. Na badala ya kunilainisha, neno lile lilinichoma: sasa hata binti ananiamrisha mbele ya wazee. Nikainua kikombe. Nikanywa. Nikaanza kuwaeleza habari za kiwanda, namna plastiki inavyoyeyushwa, digrii ngapi, ndoo ngapi kwa saa. Nermin alitafsiri sentensi mbili, tatu, kisha akaacha. Yule kaka mkubwa alikula keki yake yote, akajipangusa masharubu, akauliza kitu. Hakuna aliyenitafsiria. Mzee Halil akasimama, akatoka nje kwenye mvua bila kofia.

Tulipopanda ghorofani nilimsikia amerudi, akizungumza na mkewe jikoni. Ukuta ulikuwa mwembamba. Sauti yake ilipanda, ikakatika, ikapanda tena, na yeye Mama Sabiha alikuwa akirudia neno moja moja la kumtuliza. Nilimwambia Athumani, "Sikiliza wanavyotutukana." Asubuhi nilifunga begi. Tulikuwa na siku nne zaidi lakini nilisema siwezi kukaa nyumba ambayo sitakiwi. Mama Sabiha alitufungia mkate na zeituni kwenye kitambaa. Mzee Halil alitupa mkono, akatazama pembeni. Nermin hakushuka. Ndani ya basi Athumani aliangalia dirishani njia nzima na mimi nikamhutubia kuhusu heshima, mpaka mji ulipoonekana ndipo nikaishiwa.

Nermin hakurudi Toronto mwaka ule. Athumani alitaka kumwandikia, nami nikamzuia. Nilimwambia ukimwandikia binti ambaye baba yake amekukataa, unamwaibisha. Alinisikiliza. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba alinisikiliza. Tulimaliza mwaka katika chumba kile cha Kipling tukizungumza mambo ya kodi na mchele. Alirudia kula haraka. Mwaka uliofuata mke wangu alikuja, nikahama, na baadaye Athumani akaoa mwanamke mwema kutoka Bujumbura, mama yake Rehema, na mimi ndiye niliyemposea. Sisemi kwamba maisha yake yaliharibika. Alimpenda mke wake, akamzika kwa machozi ya kweli. Nasema tu kwamba kulikuwa na maisha mengine ambayo yalisimama mbele yangu yameshika sinia, nami nikazungumza habari za ndoo.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nikimwongoza Nermin chumba cha nyuma, ambako Rehema anapigia pasi. Tukakaa, mimi kwenye kiti, yeye kwenye ukingo wa kitanda. Alikataa chakula. Aliniambia alirudi Canada baada ya mwaka, akaolewa na mtu aliyetafutwa na shangazi, wakaachana, ana watoto watatu. Wazazi wake walishafariki. Kisha akaniambia kitu nisichokijua. Usiku ule wa tisa, nilipodhani tunatukanwa, baba yake alikuwa anamuuliza mama yake, "Tumewakosea nini watu hawa? Ni chakula? Ni baridi? Binti yangu ana kasoro gani, mtu aje toka Canada amtazame siku tisa na asimtake?" Baba yake aliugua aibu ile. Mgahawani hakwenda mpaka kiangazi.

"Nilimwambia Athumani kila kitu," alisema. "Nilimwambia uani, asubuhi ile. Kwamba nyinyi ndio mnaanza. Akasema amesikia, atakuambia. Kumbe hakukuambia; hata nilipokunong'oneza useme, ulianza habari za ndoo. Niliona amebadilisha nia. Labda nyumba yetu ilikuwa maskini, labda mimi niliyekuwa mzuri kiwandani sikuwa mzuri kule. Nilimchukia, Abi. Niliposikia amekufa nilisema siji. Nimekuja kwa sababu ya uzee tu."

Sebuleni walikuwa wameanza dua. Ningeweza kunyamaza. Athumani mwenyewe alikuwa amenifichia siri hiyo miaka yote. Yeye na Nermin walikutana mara moja, aliniambia zamani, dukani huko Thorncliffe Park, akamwomba radhi bila kueleza, kwa sababu kwetu mtu hamvui nguo mshenga wake. Nermin angeondoka na chuki yake aliyoizoea, mimi ningebaki na jina langu, na vijana wangeendelea kunituma. Sitajifanya kwamba sikuipima hesabu hiyo. Niliipima, na dua ilikwenda mbali kabla sijafungua kinywa.

"Aliniambia," nikasema. "Siku ile ile. Mimi nilikataa."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamweleza habari ya mjomba wangu na kuulizwa kwanza, na nilivyoieleza niliisikia ilivyo ndogo, kitu cha kufungia mlango tu. Nikamwambia kuhusu barua niliyoizuia. Uso wake haukubadilika, ila mikono ilianza kukunja nguo za watu zilizokuwa pale kitandani, shati, taulo, shati.

"Alikuomba kwa ajili yangu mara ngapi?"

"Mara tatu. Ya mwisho tulikuwa ngazini, kabla ya keki."

"Mara tatu," alisema. Akaliweka shati chini. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyapenda na niliyastahili. "Mimi nimemkasirikia mtu asiye na kosa mpaka amekwenda kaburini. Wewe ulijua. Ulikuwa unakaa hapa hapa, basi mbili tu toka kwangu."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningemshukuru. Nilisikia watu sebuleni wakisema amina na vijiko vikianza tena kugonga sahani. Alipozungumza hakuzungumza na mimi hasa. Alikuwa anajiuliza mwenyewe, polepole, kama mtu anayejaribu sakafu kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Kwa hiyo alinitaka."

Na mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumjibu, na kwa kuwa maneno hayo ndiyo niliyotumwa nayo, nikasema, "Ndiyo, Nermin. Alikutaka."

Akainamisha kichwa. Kisha akaniomba nitoke, nimwache peke yake, nami nikatoka, nikaufunga mlango.